Filta ya giza: Tuliza bahari kwenye picha, lakini usiwafute watu wake

UMEIONA hiyo picha mtandaoni. Bahari imetulia kama maziwa kwenye kikombe, mawe yamechomoza kutoka kwa kitu kinachofanana na moshi, na mawingu yamevutwa angani kama pamba. Ukaangalia ilipigiwa wapi: Nyali. Ukajiuliza, Nyali gani hiyo? Mbona ukienda wewe mawimbi yanarukaruka na picha inatoka ya kawaida tu?

Wengi hudhani ni kazi ya kompyuta. Si lazima iwe hivyo. Mara nyingi siri ni muda.

Picha ya kawaida ya mchana huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, tuseme moja kwa mia. Ile nyingine imechukua sekunde kumi, thelathini, hata dakika mbili nzima. Ndani ya muda huo wimbi limekuja, limepasuka na kurudi, na jingine limelifuata. Kamera imeyarekodi yote, moja juu ya jingine, mpaka yakawa ukungu. Jiwe nalo halikusonga, kwa hivyo limetoka wazi kabisa.

Shida ni kwamba ukiiacha kamera wazi kwa sekunde kumi chini ya jua la Mombasa, utapata picha nyeupe pe. Mwanga ni mwingi mno. Hapo ndipo filta ya ND inapoingia.

MIWANI YA JUA YA KAMERA

Filta ya ND ni kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi. Kazi yake ni moja: kupunguza mwanga bila kubadilisha rangi. Ichukue kama miwani ya jua ya kamera. Mwanga ukipungua, kamera inahitaji muda mrefu zaidi kupata picha, na huo muda mrefu ndio tunaoutaka.

Zipo za viwango tofauti, na tatu ndizo utakazokutana nazo sana. ND8 hupunguza mwanga mara nane. ND64 hupunguza mara 64. ND1000 hupunguza takriban mara elfu moja, na ukiishika mkononi utadhani ni kioo cha kuchomelea vyuma.

Wapiga picha huhesabu kwa stopu. Kila stopu moja hukata mwanga kwa nusu. ND8 ni stopu 3, ND64 ni stopu 6, na ND1000 ni stopu 10. Kuna kampuni ambazo huandika 0.9, 1.8 na 3.0 badala ya nambari hizo. Usichanganyikiwe dukani, ni vitu vile vile.

Kuna pia filta ya kuzungusha, ambayo giza lake huongezeka kadiri unavyoizungusha. Ni rahisi kubeba, lakini ukiisukuma hadi mwisho kwenye lenzi pana, msalaba mweusi unaweza kutokea katikati ya picha. Kwa anayeanza, ND64 moja ya kawaida itakufaa kuliko hiyo, kwa sababu inafanya kazi alfajiri, jioni na hata siku ya mawingu.

HESABU NI YA SHULE YA MSINGI

Usiogope namba. Nambari iliyoandikwa kwenye filta ndiyo ya kuzidishia. Piga picha ya kujaribu bila filta, tazama kamera imetumia muda gani, kisha zidisha.

Tuseme ni mchana wa jua kali. Tundu la lenzi liko kwenye 16, ISO ni 100, na kamera inataka sehemu moja kwa mia ya sekunde. Ukifunga ND8, unapata takriban sehemu moja kwa kumi na mbili ya sekunde. Hapo maji bado hayajabadilika sana. Ukifunga ND64, unapata zaidi kidogo ya nusu sekunde. Ukifunga ND1000, unapata sekunde kumi.

Sasa chukua alfajiri. Kamera inataka robo sekunde bila filta. ND64 peke yake inakupa sekunde 16. Ndiyo maana huhitaji filta nyeusi zaidi duniani. Unahitaji kuchagua saa nzuri.

Muda wenyewe ndio unaoamua sura ya bahari. Nusu sekunde hadi sekunde moja hukuachia nyuzi za povu wimbi linaporudi nyuma, na picha bado ina nguvu. Sekunde tano hadi kumi na tano, maji yanageuka moshi. Ukivuka dakika moja, bahari inalala kama sahani na mawingu yanaanza kuacha michirizi.

Hakuna muda ulio bora kuliko mwingine. Wengi wanaoanza hukimbilia dakika mbili kwa sababu inabamba, kisha picha zao zote zinafanana. Jaribu nusu sekunde uone wimbi likiwa bado wimbi.

HUNA CHAPAA? ANZA NA ULICHONACHO

Kamera yoyote inayokuruhusu kuchagua muda na tundu mwenyewe inatosha, hata ya mtumba. Kitu ambacho huwezi kukwepa ni traipodi, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kushika kamera sekunde kumi bila kutikisika. Ukikosa, iweke juu ya jiwe na uiegemeze kwenye mfuko wa mchanga. Mchanga ufuoni ni wa bure.

Kabla ya kununua filta, soma alama ya duara lenye mstari kwenye lenzi yako. Nambari iliyo kando yake, mathalan 58 au 77, ni upana kwa milimita. Kama una lenzi mbili, nunua filta ya ile kubwa, kisha ununue ringi ya kuipachika kwenye ndogo. Ringi ni bei ya chini sana ukilinganisha na filta ya pili.

Simu je? Simu nyingi za kisasa zina sehemu ya kurekebisha kamera mwenyewe, ambapo unaweza kuongeza muda hadi sekunde kadhaa. Lakini tundu la lenzi ya simu nyingi halibadiliki, kwa hivyo mchana utapata weupe mtupu. Una njia mbili: subiri mwanga upungue, au tumia filta ndogo ya kubana kwenye simu. Wenye iPhone wanaweza kupiga picha ya Live kisha wachague athari ya muda mrefu. Simu itayachanganya maji yenyewe.

Na kuna njia ya jua kali, kwa maana zote mbili. Kioo cha fundi wa kuchomelea vyuma, namba 10, hupunguza mwanga takriban mara elfu saba. Kifunge mbele ya lenzi kwa mipira ya kufungia noti, na ile picha ya mchana ya sehemu moja kwa mia itataka zaidi ya dakika moja. Itatoka kijani kibichi kama maji ya bwawa. Usitoe machozi, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukipenda matokeo, basi weka akiba ununue filta halisi.

Onyo moja: kioo chochote kati ya hivi si ruhusa ya kulitazama jua. Filta ya ND hupunguza mwanga unaouona, lakini haikuhakikishii ulinzi dhidi ya miale usiyoiona. Kamwe usiliangalie jua kupitia kwenye tundu la kutazamia la kamera, hata kama umefunga ND1000.

SOMA MAJI KABLA YA KUSOMA KAMERA

Hapa ndipo Pwani yetu inapokupa kitu ambacho video za wazungu kwenye YouTube hazitakufunza.

Kwanza, ufuo wetu unatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nyuma yako, bara. Ukitaka rangi juu ya maji, amka. Mombasa jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili kamili na saa kumi na mbili unusu asubuhi hivi, kutegemea mwezi. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, alfajiri haikawii. Mwanga ule wa samawati hudumu kama dakika ishirini tu, kisha kumekucha. Kama kila picha yako ni ya dakika mbili, utaondoka na picha chache sana. Fika mapema, ukiwa na traipodi tayari.

Pili, maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa zaidi kidogo ya saa 24, na kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika hamsini. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita tatu. Wakati wa maji mafu, tofauti hupungua sana.

Hili linaamua picha yako. Mahali pale pale Nyali au Diani, maji yakiwa yamejaa utapata mawimbi yakigonga mawe. Yakipwa, mwamba ulio mbele huyazuia mawimbi mbali, na ndani kunabaki vidimbwi vilivyotulia ambavyo havihitaji filta kabisa. Ngalawa iliyofungwa nanga maji yakiwa juu itayumba na kutoka kama mzuka. Ngalawa hiyo hiyo maji yakipwa huketi mchangani, na hapo unaweza kuacha kamera wazi hata dakika tatu, itatoka safi.

Tatu, upepo. Kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, huja na bahari tulivu zaidi. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, huja na bahari chafu na upepo unaotikisa traipodi. Siku za kusi, usirefushe miguu ya traipodi yote, na uning'inize mkoba wako katikati ili iwe nzito.

Programu za kuonyesha maji kujaa na kupwa zipo nyingi. Lakini njia bora ni kumkuta mvuvi akitengeneza nyavu na kumwambia, "Shikamoo mzee, leo maji yanapwa saa ngapi?" Atakujibu saa, na pengine atakuonyesha mahali usipofaa kusimama. Hilo la pili programu haitakwambia.

UKIFIKA UFUONI

Fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Panga picha yako bila filta. Tafuta kitu kisichosonga: jiwe, nguzo, mkoko, gati kuukuu, ngalawa iliyoketi. Bila hicho, picha ya muda mrefu ni ukungu mtupu.

Weka ISO 100 na tundu kati ya 8 na 11. Ukilifunga tundu hadi 22 ili kupata muda mrefu, picha nzima hupoteza makali kidogo.

Lenga kitu chako, kisha uzime ulengaji wa kamera wa kujiendesha. Hili lisahau na utajuta, kwa sababu filta nyeusi ikishafungwa, kamera haioni kitu na itaanza kuhangaika.

Piga picha ya kujaribu, fanya hesabu, funga filta taratibu bila kugusa ringi ya kulenga.

Zima kitulizaji cha mtikisiko, kwa sababu juu ya traipodi baadhi ya vitulizaji huleta mtikisiko vyenyewe. Tumia kipima muda cha sekunde mbili au rimoti ili kidole chako kisitikise kamera.

Kamera nyingi zinakomea sekunde 30. Ukitaka zaidi, tafuta alama ya B, inayoacha kamera wazi mpaka utakapoifunga wewe, na uhesabu kwa simu. Kama kamera yako ni ile ya kioo ndani, funika tundu la kutazamia kwa kitambaa, maana mwanga huingilia nyuma.

Hifadhi faili kwa mfumo wa RAW. Filta za bei nafuu huacha rangi ya samawati au ya kahawia, na RAW inakuruhusu kuirekebisha baadaye bila kuharibu picha.

Ukirudi nyumbani, osha miguu ya traipodi kwa maji ya bomba na upanguse kamera kwa kitambaa chenye unyevu. Chumvi ina subira kuliko wewe.

NANI AMEFUTIKA?

Sasa tuje kwa jambo ambalo mafunzo mengi huliruka.

Mwaka wa 1838, Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya barabara moja Paris, Boulevard du Temple, kutoka dirishani. Barabara ilikuwa na shughuli tele, watu na magari ya farasi. Lakini picha za wakati huo zilichukua dakika kadhaa. Kila aliyekuwa akitembea alitoweka. Aliyebaki kuonekana ni mtu mmoja aliyesimama kona akingʼarishwa viatu. Husemwa kuwa huyo ni miongoni mwa binadamu wa kwanza kabisa kuonekana pichani, na ni kwa sababu tu alitulia.

Filta yako inafanya kazi hiyo hiyo. Weka ND1000 kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta mchana wa Jumapili, acha kamera wazi kwa muda mrefu, na wengi wa waliokuwa wakitembea watatoweka. Muuza mabuyu hayupo. Watoto wanaoogelea kwa mipira ya magurudumu hawapo. Mama anayerudi na pweza wake kwenye ndoo hayupo. Umebaki na mchanga, maji na mnazi.

Ni picha nzuri. Lakini inafanana na nini? Inafanana na tangazo: pwani tupu, isiyo na mwenyewe, inayokungoja wewe mgeni.

Pwani si tupu na haijawahi kuwa tupu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inahesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Wakati huo huo, njia za kushukia ufuoni zimekuwa chanzo cha mizozo kwa miaka mingi, watu wakilalamika kwamba zimezibwa kwa kuta na mageti. Mvuvi anayepigania njia ya kupitisha ngalawa yake hahitaji picha elfu moja zinazoonyesha kwamba hapo hakuna mtu.

Hakuna anayekwambia uache. Unachotakiwa kujua ni kwamba muda unaouchagua unaamua pia nani abaki pichani. Ukishajua hilo, una uwezo mkubwa mikononi.

Unaweza kuchagua nusu sekunde, ili mvuvi anayevuta nyavu aonekane akiwa katika mwendo, huku maji yakichorwa miguuni pake. Unaweza kumwomba mtu asimame tuli sekunde nane, bahari nzima ikiyeyuka kumzunguka. Jaribu hilo, hiyo picha ina uzito kuliko mawe mia. Unaweza pia kupiga mbili kutoka mahali pamoja, moja ya dakika mbili na nyingine ya kasi, kisha uziposti pamoja. Watazamaji wataona wenyewe nani alikuwa hapo.

Ila omba ruhusa kwanza. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake, na kuitumia kibiashara bila idhini kunaweza kukuletea kesi. Zaidi ya sheria, ni adabu. Salamu, mazungumzo mafupi, halafu mwonyeshe picha ikitoka. Na ukiahidi kumtumia, mtumie.

USIFE KWA AJILI YA PICHA

Wahenga walisema maji yakijaa hupwa. Wewe kumbuka na upande wa pili: yakipwa, hujaa.

Hatari kubwa ya picha hizi ni kwamba zinakufanya usimame mahali pamoja muda mrefu, macho kwenye kioo, huku maji yakizunguka nyuma yako. Watu hutembea hadi mwambani maji yakiwa yamekauka, wakageuka na kukuta njia ya kurudi ni mkondo. Weka kengele kwenye simu saa maji yanapoanza kupanda, na ikilia ondoka, hata kama picha inayofuata ndiyo ile.

Usiipe bahari mgongo. Kabla ya kusimamisha traipodi juu ya jiwe, tazama mawimbi kwa dakika kumi. Jiwe likiwa limelowa, maana yake wimbi hufika hapo. Vaa viatu, kwa sababu mawe ya matumbawe hukata kama wembe. Usikanyage matumbawe hai, yanavunjika na huchukua miaka kukua tena.

Alfajiri nenda na wenzako. Kamera na traipodi gizani ni mwaliko kwa wezi. Kama kuna kibao cha kukataza picha, karibu na bandari, kivuko au kambi ya jeshi, kiheshimu. Na ukiingia hifadhi za baharini za KWS kama Malindi, Watamu au Kisite-Mpunguti, lipa kiingilio na uulize masharti ya picha za kibiashara kabla ya kufungua traipodi.

Kama uko Nairobi na nauli ya SGR bado haijapatikana, usikae bure. Maporomoko ya msitu wa Karura na Fourteen Falls karibu na Thika ni madarasa mazuri ya ND64. Kisumu mna ufuo wa Dunga na jua linalozama ziwani, kitu ambacho watu wa Mombasa hawana. Taa za magari kwenye Thika Road usiku hazihitaji hata filta.

Anza na wikendi moja, filta moja na mahali pamoja. Piga pale pale kwa nusu sekunde, kwa sekunde nane na kwa dakika mbili. Kisha zipange kando kwa kando na ujiulize maswali mawili: bahari imekuwa nini, na nani hayupo tena?